Asante, mama mwenye kapu la mchicha

Mama uliyekuwa na kapu la mchicha kituoni Mbagala Rangi Tatu, Mungu akubariki. Mwanetu wa miezi 9 alipaliwa na kipande cha muwa, sauti ikakata, midomo ikabadilika rangi. Watu walitaka kumtia kidole kooni. Ukawazuia, maana kidole kisichoona kitu hukisukuma ndani zaidi. Ukamlaza kifudifudi mkononi, kichwa chini kuliko kifua, taya umelishika, ukampiga kwa kitako cha kiganja katikati ya mabega mara 5. Hakikutoka. Ukamgeuza chali, vidole 2 katikati ya kifua, ukabonyeza kwa nguvu, na kikatoka! Tena ukasisitiza apelekwe zahanati, ingawa alishalia vizuri. Wazazi wenzangu, siku ya kliniki mwombeni muuguzi awaonyeshe hatua hizi.