Barua kwa mwanangu: safari yetu ya mpira, Dar hadi Kampala

Temeke, Dar es Salaam
5 Septemba 2025

Mwanangu,

Marahaba. Shikamoo yako ameifikisha mdogo wako, pamoja na yale uliyomwambia asinifikishie. Kwamba wazee wawili, mmoja haoni vizuri na mwingine goti linamsumbua, wamebeba Carina kuukuu hadi Kampala kwa ajili ya mpira. Kwamba baba alikuwa hapatikani kwenye simu siku mbili nzima. Na kwamba kama ni mpira, tungesubiri AFCON ya 2027 ambayo imepangwa kuja huku huku kwetu, Kenya na Uganda, na wewe mwenyewe ungetukatia tiketi za ndege.

Kuhusu simu, naomba radhi. Iliisha chaji Malaba, na tulipovuka laini ikagoma kusoma. Ningeazima ya mtu nikakupigia, sikufanya hivyo, nimekosa. Hilo la 2027 ndilo lililonikalisha chini na kalamu, maana kwenye simu Ba'mdogo wako huwa amekaa pembeni yangu, na yeye masikio hayana tatizo.

Unajua ana presha ya macho. Usichokijua ni ilipofikia. Anaona mbele tu, katikati. Pembeni hakuna kitu. Si giza, anasema, ni kama vile hapajawahi kuwa na kitu. Mwenyewe anafananisha na kuchungulia kwenye bomba la maji. Mwezi wa sita nilimpeleka kliniki, akawekwa kwenye ile mashine ya kubonyeza kitufe kila uonapo kimwanga. Majibu yalipotoka daktari akatuonyesha karatasi ya mwaka jana na ya mwaka huu. Bomba limepungua. Akasema kilichopotea hakirudi, matone ni ya kulinda kilichobaki. Tukatoka nje, tukakaa kwenye benchi, na Ba'mdogo akaniuliza, "Kaka, hiyo CHAN inaanza lini?"

Basi nikajua tunakwenda. CHAN ni lile kombe la mataifa ya Afrika la wachezaji wa ligi za nyumbani, na mwaka huu limechezwa hapa kwetu, Kenya na Uganda.

Wewe umezaliwa umetukuta barabarani, kwa hiyo labda hukuwahi kujiuliza. Alikuja kwangu utingo mwaka 1989, kijana mwembamba, akalala chini ya tela na turubai zaidi ya alivyolala kitandani. Baadaye akapewa usukani wake, lakini bado tulikuwa tunafuatana, gari mbili, yake nyuma yangu. Enzi hizo barabara ya kati ilikuwa mbovu kiasi kwamba hata mabasi ya Mwanza yalikuwa yanazungukia Nairobi. Sisi tulipita Segera, Same, Namanga, Nairobi, Nakuru, hadi Malaba, mwaka baada ya mwaka, mpaka nilipoacha kazi 2016. Na katika miaka yote hiyo, mwanangu, mpira tuliusikia. Hatukuutazama. Mzigo haukusubiri mtu.

Mwaka 1993 Simba ilipofika fainali ya Kombe la CAF, mechi ya marudiano ilikuwa hapa Dar, kwenye uwanja ule wa zamani ambao siku hizi ni Uhuru. Kule Abidjan tulikuwa tumetoka sare ya bila kufungana. Nilimwomba tajiri siku moja tu. Akasema mzigo unatoka. Tuliisikiliza mechi kando ya barabara, tumepita Hedaru, injini imezimwa ili redio isikike, mlango wa gari wazi. Stella, wapinzani wetu hao wa Abidjan, wakashinda 2–0. Ba'mdogo alilia kama mtoto, na mimi nikajifanya nakagua matairi. Sikuwahi kukusimulia hilo.

Sasa nikueleze tulichokiona, kwa sababu umeuliza tulifuata nini.

Tarehe 6 Agosti tulianzia hapa nyumbani, uwanja wa Mkapa, Taifa Stars na Mauritania. Tangu uwanja ule ufunguliwe 2007 nimeingia mara nyingi, yeye mara mbili tu, na zote kabla macho hayajaharibika. Nilikuwa na hofu. Nikadhani nitakuwa mtangazaji wake usiku kucha: mpira uko kulia, umerudi, umetoka. Dakika kumi za kwanza nilifanya hivyo. Kisha akanishika mkono. "Nyamaza kidogo. Mpira siwezi kuukimbiza, unatoka nje ya bomba. Nichagulie mtu mmoja." Nikamwonyesha Kapombe, kwa sababu alikuwa upande wetu na beki wa pembeni hatembei uwanja mzima. Akamshika kwa macho, hakumwachia tena.

Mwanangu, nimetazama mpira zaidi ya miaka hamsini na sijawahi kuambiwa mambo niliyoambiwa usiku ule. Mimi natazama mpira uko kule mbele, yeye ananiambia, "Kapombe amegeuka kumwangalia winga wao. Sasa anamnyooshea mkono mwenzake asogee. Amechoka huyu, ameinama, ameshika magoti." Nikitupia jicho, kweli ameshika magoti. Mchezo mzima wa mtu mmoja, saa moja na nusu, mpira ukimfikia au usimfikie. Ikafika dakika ya 89, bado bila bila, watu wameanza kusimama waende. Mimi macho yako kwenye mpira. Yeye akaanza kunibana kiganja. "Anapanda. Kaka, anapanda huyu! Anaingia!" Mpira ukaja, na aliyekuwepo kuumalizia ni Kapombe.

Uwanja ukalipuka. Watu elfu na elfu walimwona Kapombe alipofunga. Ba'mdogo wako alimwona tangu alipoamua kwenda. Hilo peke yake lingenitosha, tungeweza kurudi Temeke tukalala.

Hatukulala. Tarehe 8 alfajiri tuliondoka. Sitakuchosha na kila kilomita. Vigwaza tulipita mizani bila kusimama, na wote wawili tukageuza shingo kuitazama foleni ya malori, mioyo inadunda kama tumefanya kosa. Segera tulinunua machungwa. Baada ya hapo milima iko kulia kwako siku nzima, Usambara kwanza kisha Upare, na barabara sasa ni lami tupu, na matrafiki na tochi zao wanakungoja kila penye kibao cha hamsini. Tulipopita Hedaru akaniambia paki. Sikuuliza. Nilizima injini, tukafungua milango yote miwili, tukala machungwa. Hakuna aliyemtaja tajiri wala Stella. Upepo wa pale ni uleule, una vumbi jekundu.

Tukalala Moshi. Kesho yake mchana tukavuka Namanga. Karatasi zote zilikuwa sawa, kadi ya njano ya bima na kibali cha gari, kwa hiyo ondoa wasiwasi, baba yako mipaka anaijua. Jioni tukaingia kwenye kibanda umiza upande wa Kenya kutazama Stars na Madagascar. Watanzania, Wakenya, Wamasai waliotoka kwenye ng'ombe, wote kwenye mabenchi mbele ya runinga moja. Mzize akapachika mawili mapema, wakarudisha moja, tukamaliza 2–1. Kwenye runinga Ba'mdogo anaona vizuri kuliko uwanjani, maana skrini yote inaingia ndani ya bomba. Lakini alikuwa amepoa. Nilipomuuliza, akasema kamera inamchagulia mtu wa kumtazama.

Tarehe 10, Kasarani, Nairobi. Kenya na Morocco. Uwanja ule ulijengwa kwa ajili ya michezo ya Afrika ya 1987, na mimi nimepita jirani yake nikiwa na tela pengine mara mia mbili bila kujua mlango uko wapi. Nimeona umati mwingi maishani. Ule ulikuwa kitu kingine. Tulibanwa langoni mpaka nikaogopa. Nilimweka mbele yangu, nikamshika mabega, tukasukumwa kama gunia. Kijana mmoja aliyejipaka rangi za bendera usoni akaona Ba'mdogo anapapasa ngazi, akamshika mkono, akapaza sauti, "Wazee wanapita! Pisheni wazee wetu!" Watu wakapisha. Akatukalisha yeye mwenyewe, akaenda zake. Jina lake hatukulijua.

Ba'mdogo alichagua mmoja wa mabeki wa Harambee Stars. Kwa hiyo dakika ya 42 Ryan Ogam alipofunga upande ule mwingine, yeye goli hakuliona. Alisikia. Alisema sauti ilianza kushoto, ikazunguka uwanja mzima, ikamfikia kwa nyuma. Kabla ya mapumziko Kenya wakapewa nyekundu, wakabaki kumi. Kipindi cha pili chote ilikuwa kazi ya mabeki, na hapo ndipo alipokuwa na raha ya ajabu. Wakati uwanja mzima umeshika vichwa, yeye alikuwa na mtu wake, anamsindikiza: "Toa. Toa hiyo. Safi. Rudi kwenye nafasi yako." Kenya wakashikilia 1–0. Tulipotoka sauti yake ilikuwa imekwisha, nami nikagundua nimekuwa nikipiga kelele kwa ajili ya nchi ya jirani kama ni yangu.

Tulilala Nakuru, tukaondoka saa kumi alfajiri ili tuwahi mechi ya Uganda usiku, uwanja wa Namboole, Kampala. Na hapa nakueleza jambo ambalo mdogo wako amekufichia. Timboroa, kwenye baridi ile, gari lilichemka. Hosi ya rejeta imepasuka. Kulikuwa bado giza na tochi yangu ina mwanga wa kibatari. Nilijaribu kutafuta pa kufunga nikashindwa. Ba'mdogo akasema nikae pembeni. Tulisubiri injini ipoe, kisha akaingiza mikono yote miwili, akafumba macho kabisa, akawa anapitisha kidole gumba taratibu chini ya hosi kama mtu anayetafuta mwiba kwenye nyayo ya mtoto. "Huu hapa." Nikamkatia utepe wa tyubu ya baiskeli, ninao kwenye boksi la spana tangu enzi hizo, akaufunga kwa kuuvuta kwa meno, tabaka juu ya tabaka, akakaza na waya. Tukajaza maji. Mpako ule umefika Kampala na umerudi Dar. Bado upo, sijaubadilisha, na fundi akija kuubadilisha nitaomba anipe.

Mikono yake ilikuwa inatetemeka kwa baridi, na alikuwa anatabasamu. Sijamwona hivyo tangu mwezi wa sita.

Malaba tulichelewa kwenye foleni. Jinja nilimshangaa yeye na akanishangaa mimi, kwa sababu enzi zetu tulivuka Nile juu ya bwawa la Owen Falls, malori yamebanana, na lile daraja jipya la nyaya limefunguliwa 2018, nimeshaacha kazi. Nilipunguza mwendo. Akaangalia juu, kwenye nyaya zinazokutana kileleni, akasema hiyo ndiyo sura ya anavyoona yeye: kila kitu kinakimbilia katikati.

Namboole nitaipitia haraka kwa sababu uchovu ulitushinda. Uganda waliifunga Niger 2–0, uwanja umependeza baada ya ukarabati, vuvuzela bila mapumziko. Kipindi cha pili Ba'mdogo alisinzia begani kwangu. Nilimwacha. Nikamchagua mtu mmoja, winga wa Uganda, nikamfuata bila kumwachia mpaka mwisho ili nikimwamsha niwe na cha kumsimulia. Ni kazi ngumu, mwanangu. Jicho linataka mpira. Nilimpoteza mara nne.

Tulirudi polepole, siku nne, tukilala kila jua linapozama. Tarehe 22 Stars wametolewa na Morocco hapa Mkapa kwa bao moja, na Morocco hao hao wamekwenda kulichukua kombe Kasarani, 3–2 dhidi ya Madagascar. Fainali tuliitazama sebuleni kwangu, yeye amekaa kwenye kile kiti chako.

Sasa lile la ndege. Nakushukuru, najua limetoka moyoni. AFCON ikifika na wote tupo, njoo twende watatu, kwa chombo chochote utakacho. Ila usinitumie pesa za tiketi kuanzia sasa. Matone yake ni chupa moja kwa mwezi, na hapa duka la dawa lililokuwa linayaleta limesema hayajaingia. Hii ya sasa imebaki kama ya siku kumi. Tafadhali uliza huko Mwanza. Nimekuwekea kopi ya karatasi ya daktari ndani ya bahasha, jina la dawa nimelipigia mstari. Ukiyapata, mpe kondakta wa basi la usiku kisha unipigie, nitakwenda kuyapokea stendi mwenyewe. Yasipigwe jua.

Na ukipiga, zungumza naye pia. Mwulize kuhusu Kapombe.

Baba yako