Je, mtindi unaondoa zebaki mwilini?

Wateja wetu wanaotoka machimbo ya dhahabu ya Namungo wana swali moja wanalolirudia: "Mama, mtindi wenu unatoa sumu ya zebaki?" Zebaki ni ile metali ya majimaji wanayonasia dhahabu, kisha huchoma ili ibaki dhahabu peke yake. Wapo wanaobeba lita nzima baada ya kuchoma, na wapo wanaowapelekea wake zao wajawazito. Sisi tunaishi kwa kuuza mtindi hapa Ruangwa, lakini kwa jambo hili hatuwezi kuwaitikia "ndiyo" ili tu tuuze.

Imani yenyewe ina mizizi. Mafundi rangi na wachomeleaji wamekunywa maziwa miaka yote wakiamini yanasafisha kifua. Tena upo utafiti wa kweli uliofanyika nchini mwetu. Mwaka 2014 jarida la kisayansi la mBio lilichapisha matokeo kutoka Mwanza, ambako wajawazito na watoto wa shule walipewa mtindi wenye bakteria aitwaye Lactobacillus rhamnosus GR-1. Kwa wajawazito walioutumia, zebaki na aseniki (sumu nyingine) katika damu hazikupanda kama zilivyopanda kwa wenzao. Inaelezwa kwamba bakteria wa jamii hiyo hunasa metali kwenye ukuta wa seli zao, zikatoka na choo kabla hazijafika kwenye damu.

Soma hapo taratibu. Kilichoonekana ni zebaki kutoongezeka. Haikuonekana kwamba iliyokwishaingia iling'oka. Kwa watoto, tofauti haikuwa ya kutosha kuitegemea. Washiriki walikuwa wachache, na ulikuwa utafiti wa awali. Halafu bakteria yule hayumo kwenye vikombe vyetu. Sisi tunagandisha kwa Streptococcus thermophilus na Lactobacillus bulgaricus, wale wa mtindi wa kawaida.

Lakini kwa mchimbaji hoja kubwa ni njia ambayo sumu inaingilia. Zebaki iliyomo kwenye samaki hupita tumboni, na huko bakteria anaweza kukutana nayo. Ya kwako wewe inapita puani. Ukiweka ule mchanganyiko wa dhahabu na zebaki juu ya moto, zebaki inageuka mvuke usioonekana wala kunuka. Takriban asilimia 80 ya mvuke unaouvuta hubaki mwilini: unatoka mapafuni, unaingia kwenye damu, unafika kwenye ubongo, na kwa mjamzito unapita kwenye kondo hadi kwa mtoto. Mtindi ulioko tumboni utaukamatia wapi?

Ndiyo maana inatuuma kusikia mtu anachomea dhahabu jikoni, mkewe mjamzito yupo palepale, na kinga yao ni kikombe cha mtindi. Chomea mbali na nyumba, tena kwa retoti, chombo kinachofunika moto na kuurudisha mvuke kuwa zebaki unayoweza kuitumia tena. Wajawazito na watoto wasisogee kabisa. Mikono ikianza kutetemeka, fizi zikivimba au usingizi ukipotea, nenda hospitali na useme wazi kwamba unafanya kazi na zebaki. Dawa za kuitoa mwilini zipo, na anayeziandika ni daktari baada ya vipimo.

Wengine wanauliza kama bakteria wanaweza kusafisha marudio, yaani mchanga wenye zebaki unaobaki baada ya dhahabu kutolewa. Metali haiozi, bakteria huibadili sura tu au kuihamisha. Wapo wanaoigeuza zebaki ya udongoni kuwa mvuke, nao unakwenda hewani. Wapo wengine, kwenye tope lisilo na oksijeni, wanaoigeuza kuwa methili-zebaki, sumu ileile iliyowaangamiza watu wa Minamata, Japani, kupitia samaki. Kazi hiyo inataka wataalamu na maabara, kwa hiyo tafadhali usimwage mtindi wala chachu yoyote kwenye shimo la marudio ukadhani umelisafisha.

Mtindi wetu nunueni kwa sababu ni chakula kizuri, una protini na kalisiamu, na mjamzito anavihitaji vyote viwili. Kwa wanaokuja na vyombo vyao: ndoo, dumu au sufuria iliyowahi kushika zebaki, hata kama imeoshwa kwa sabuni, hatuijazi. Tutakupa chombo chetu, utakirudisha ukija tena.