Walichotuachia nzige mchangani

Kwako mwanangu,

Nimepata ujumbe wako, kwamba ukirudi Mwingi unataka kulima ndengu kile kipande cha kando ya mto. Kilime, baba. Ila kuna jambo la mwaka 2020 ambalo hukuliona, maana ulikuwa bweni, nami sikukusimulia lote.

Nzige waliingia Kenya kutoka kaskazini mwishoni mwa Desemba 2019, na mwezi uliofuata wakatufikia. Kwa mbali nilidhani ni moshi. Mama yako alitoka na sufuria na mwiko, mimi na debe, tukapiga mpaka mikono ikafa ganzi. Wakainuka, wakatua kwa jirani. Alininunia wiki nzima, na haki alikuwa nayo.

Lililofuata jioni moja lilikuwa kundi la manjano. Nzige wa rangi ya waridi bado ni mchanga, kazi yake ni kula tu. Wa manjano amepevuka, anatafuta pa kutaga. Mimi hilo nilikuwa silijui. Niliwaona wamebebana, majike wamezamisha mikia mchangani, nikasema wamechoka safari. Asubuhi jua lilipowapasha wakaruka, nami nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Kama wiki mbili baadaye nikakuta mchanga unatembea. Tunutu, watoto wa nzige! Weusi, hawana mbawa, wadogo kama inzi. Jike mmoja wa kundi hufukia mayai mengi, kwa kawaida yasiyofika themanini, katika shimo moja, kisha akaenda kutaga kwingine. Tulichimba mtaro, tukawaswaga kwa matawi, tukafukia. Waliobaki wakapanda kwenye ndengu, wakatafuna mpaka maganda. Gari la kupuliza dawa lilifika tukiwa hatuna tena cha kuokoa. Nilivuna nusu gunia.

Na zile ndengu ndizo zilikuwa karo yako. Yule mbuzi wako mweupe hakuliwa na fisi, mwanangu. Nilimuuza.

Sasa sikia. Ukiwaona wa manjano wametua mchangani, usikimbilie sufuria. Chomeka vijiti kila walipotaga, mwite afisa wa kilimo siku hiyohiyo, kwa sababu tunutu hukaa zaidi ya mwezi kabla ya kuota mbawa, na huo ndio muda wenu. Lakini kabla ya afisa, mpigie jirani yule. Namba yake anayo mama yako.

Ni mimi baba yako.