Chama cha wavulana chenye shule za mseto

Mhariri,

Wapenzi wa raga wanaijua Wallabies, timu ya taifa ya Australia, lakini wachache wanajua kuwa wachezaji wake wengi walisoma katika shule za chama kimoja cha michezo cha shule za wavulana, AAGPS, kilichoundwa Sydney mwaka 1892.

Wanachama ni tisa tu: King's, Newington, Riverview, St Joseph's, Scots, Shore, Sydney Grammar, Sydney Boys High na The Armidale School, iliyo mbali kaskazini mwa Sydney. Nane kati yake ni shule binafsi zenye karo ya kutisha. Sydney Boys High, iliyoingia 1906, ndiyo pekee ya serikali, nayo huchagua wanafunzi kwa mtihani. Kwenye raga mara nyingi imepigwa na wakubwa hao, ila haijajitoa chamani. Binafsi hiyo ndiyo ninayoishangilia.

Kinachonisukuma kuandika ni suala la wasichana. Armidale iliwafungulia milango 2016. Newington nayo ilitangaza 2023 kwamba itageuka kuwa ya mseto hatua kwa hatua, na baadhi ya wahitimu wake wakaandamana langoni (wazee wazima na mabango!). Sasa chama kilichojengwa juu ya wavulana kina wanachama wenye wasichana darasani. Kwa maoni yangu, viongozi wake waamue mapema kama wasichana hao watashindana kwa jina la chama, kuanzia na mbio za makasia, badala ya kungoja ugomvi mwingine.

Msomaji wenu,
Sydney