Mdogo Wangu, Sayari Zinaonekana Hapo Hapo Ulipo

Mdogo wangu mpendwa,

Umeniambia umelikatia tamaa anga la mjini: taa zimezidi, nyota zimebaki za kuhesabika, nawe unangoja siku utakayosafiri kwenda kwenye giza ndipo uanze. Usingoje. Taa za mji zinatunyima Njia Nyeupe, ule ukanda hafifu wa nyota, na inaniuma, lakini hazina uwezo wa kuzificha sayari za Zuhura, Mshtarii, Mirihi wala Zohali. Zebaki nayo huonekana kwa macho matupu, ila yataka subira, maana haiachani na Jua kwa zaidi ya nyuzi 28.

Tazama Jua na Mwezi hupita wapi angani kwenu. Sayari hupita karibu na njia hiyo hiyo, kwa kuwa zote pamoja na Dunia hulizunguka Jua karibu katika bapa moja. Nuru kali iliyo mbali na njia hiyo si sayari, hata ing'ae vipi.

Kisha angalia utulivu wake. Nyota iko mbali mno, mwanga wake hutufikia kama nukta tu, na hewa ikiyumba nao huyumba. Sayari ni kiduara, hata kama jicho halikitambui, ndiyo maana haimetimeti sana. Ikiwa chini karibu na upeo wa macho huweza kukudanganya. Ipe muda ipande.

Ukishaitambua moja, ifuate. Hapo ndipo penye utamu wote! Chora nyota zilizo jirani nayo, rudi baada ya wiki, uchore tena. Mshtarii huenda polepole, kwani mzunguko wake huchukua karibu miaka 12. Mirihi ina mwendo wa kustaajabisha zaidi: kila baada ya miezi 26 hivi Dunia huipita, na kwa wiki kadhaa utaiona ikirudi nyuma kati ya nyota. Wataalamu walihangaika karne nyingi kulieleza jambo hilo, nawe waweza kulishuhudia kwa kalamu na karatasi.

Ukipata darubini ya macho mawili, hata ya kuazima, iegemeze ukutani isitetemeke, uielekeze kwa Mshtarii. Utaona vinukta hadi vinne vimejipanga kando yake: ndiyo miezi aliyoiona mwanaastronomia Galileo Galilei mnamo Januari 1610. Io, ulio karibu zaidi na Mshtarii kati ya hiyo minne, humaliza mzunguko kwa saa 42 hivi, hivyo kesho yake mpangilio utakuwa mwingine. Hakuna picha ya chombo cha angani inayonisisimua kama hilo. Pete za Zohali zinahitaji teleskopu, tuziache kwa sasa.

Nakuomba sana jambo moja: ukitafuta Zuhura au Zebaki jioni, usiguse darubini mpaka Jua lizame kabisa, na alfajiri uiweke kando kabla halijachomoza. Jicho likiungua huenda lisipone.

Miezi ya Mshtarii ichore usiku mbili tatu mfululizo, uandike na saa, kisha unitumie. Nami nitachora yangu tulinganishe.