Mkahawa wa rameni usihukumiwe kwa bakuli moja

Mhariri,

Nimesoma kwa makini makala ya mchambuzi wenu wa vyakula kuhusu mkahawa wa rameni, yaani tambi za Kijapani zinazoliwa ndani ya supu, alioutembelea mara moja, akala bakuli moja, kisha akawaonya wasomaji wasithubutu kuukanyaga. Sina ugomvi na ulimi wake, kwani kama supu ilikuwa na chumvi nyingi, basi ilikuwa nayo. Ninachokipinga ni hukumu ya kudumu aliyoitoa baada ya mlo mmoja, nami naipinga kwa sababu niliwahi kuutolea mkahawa mwingine, ambao sitautaja, hukumu ya namna hiyo hiyo, na mwishowe ikanilazimu kuifuta.

Siku ya kwanza niliagiza tonkotsu kwa kuwa ndilo jina pekee nililolijua katika orodha yao. Likaja bakuli la supu nyeupe kama maziwa, nzito, yenye harufu kali ya mifupa, nami moja kwa moja nikaamini kuwa supu hiyo imeharibika. Simu ikaita, nikaipokea, na nilipomaliza mazungumzo nilikuta tambi zimevimba na kulegea, mafuta yameanza kuganda ukingoni mwa bakuli, na yai lililokatwa nusu lina ubaridi wa jokofu katikati ya kiini. Nilikula kama theluthi, nikalipa, nikaondoka. Kwa miezi kadhaa kila aliyeniuliza habari za mkahawa ule nilimwambia atafute pengine.

Nikiyapitia leo mashtaka yangu matatu, naona ni moja tu lililosimama. Weupe ule ndio sifa yenyewe ya tonkotsu, supu ya kisiwa cha Kyushu, kusini mwa Japani, inayohusishwa hasa na miji ya Fukuoka na Kurume. Mifupa ya nguruwe huchemshwa kwa moto mkali kwa saa nyingi, hadi kolajeni, protini iliyomo ndani yake, igeuke kuwa gelatini laini na mafuta yavunjike kuwa matone madogo mno yanayoshikana na maji bila kujitenga. Mpishi anayeileta ikiwa angavu kama chai ndiye aliyekosea. Tambi zake nazo huwa nyembamba na hulegea haraka ndani ya supu ya moto, na ndiyo sababu walaji wa Fukuoka huulizwa wanazitaka ngumu kiasi gani, na mwenye njaa kubwa huagiza fungu la pili la tambi, wanaloliita kaedama, supu ikiwa bado imebaki, badala ya kujaziwa bakuli tangu mwanzo. Kwa hiyo tambi zilizovimba zilikuwa kosa la simu yangu. Yai la baridi lilikuwa kosa la jiko, na hilo sijalisamehe hadi leo.

Aliyenirudisha pale ni shemeji yangu, mtu asiyependa kubishana kwa muda mrefu. Aliniuliza swali moja tu: “Shemeji, umeonja supu moja kati ya nne, unawezaje kusema umewajua?” Alikuwa na haki, kwa maana zaidi ya tonkotsu walikuwa na shoyu, ambayo msingi wake ni mchuzi wa soya na ndiyo iliyozoeleka Tokyo, walikuwa na miso, inayokolezwa kwa rojo la soya iliyochachushwa na iliyopatia umaarufu wake mji wa Sapporo, na walikuwa na shio, inayokolezwa kwa chumvi, ambayo mji wa Hakodate unajivunia. Supu hizi hutofautiana kiasi kwamba anayeichukia moja anaweza kuipenda sana nyingine.

Safari hii nilikaa kwenye kaunta, mbele ya jiko, nikaagiza shio ya kuku, na simu ikabaki mfukoni. Ndipo nilipoona jambo ambalo natamani mchambuzi wenu angeliona kabla ya kuandika. Mpishi hakuitia chumvi ile sufuria kubwa. Alichota kijiko kirefu cha kiungo kinachoitwa tare, akakimimina chini ya bakuli tupu, ndipo akateka supu juu yake, akakung’uta tambi mara tatu katika chujio lake na kuzilaza ndani kwa kuzikunja kama kitambaa. Chumvi ya bakuli zima, kwa sehemu kubwa, imo katika kijiko kile. Mkono ukiteleza, mlaji mmoja atapata supu kali na jirani yake atapata supu nzuri, ilhali zote zimetoka sufuria moja. Tena supu inayochemka tangu asubuhi huzidi kupungua maji, hivyo ya usiku, isiporekebishwa, huwa nzito kuliko ya mchana.

Bakuli langu lilikuwa jepesi, angavu, na tambi zilikuwa na ule mnyumbuko unaotokana na kukanda unga wa ngano kwa maji yenye alkali, jamii ya magadi, ambayo pia huzipa rangi ya manjano ambayo wengi hudhani ni ya mayai. Nilikula haraka, kama inavyopasa, nikamaliza. Yai lilikuwa baridi vilevile. Nilimwambia mpishi, akashukuru bila kununa, na nilipokwenda mara ya tatu nililikuta lina uvuguvugu hadi kwenye kiini.

Sisemi kwamba kila mkahawa unastahili kurudiwa. Aliyeugua tumbo hadaiwi safari ya pili, wala aliyekuta uchafu, wala aliyetukanwa na mhudumu. Lakini chumvi iliyozidi, tambi zilizolainika na supu usiyoizoea ni mambo yanayoweza kubadilika kati ya Jumatatu na Alhamisi, au hata kati ya kiti kimoja na kingine, na mwandishi mwenye wasomaji wengi anapaswa kuyathibitisha kabla ya kumfungia mtu riziki yake.

Naomba basi, Mhariri, mmrejeshe mchambuzi wenu katika mkahawa ule kwa saa tofauti na ile ya kwanza, aagize supu ya aina nyingine, akae mahali anapoweza kumwona mpishi, na aanze kula bakuli linapowekwa mbele yake badala ya kulipiga picha kwanza, maana picha iliyopamba makala yake inaonyesha wazi tambi zilizokwisha kuinywa supu. Kisha mchapishe ziara zote mbili pamoja. Ikiwa bakuli la pili nalo litakuwa na chumvi kupita kiasi, aandike hivyo, nami nitamwamini.

Wako mtiifu,
Msomaji wa safu ya vyakula