Nesi mwanafunzi wa miaka 41 na hesabu ya 45

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Sina lugha ya magazetini, nitaandika kama ninavyoongea.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 41, nipo Morogoro nasoma diploma ya uuguzi na ukunga mwaka wa pili, yani NTA level 5. Kabla ya hapo nilikua natunza vitabu vya mahesabu kwenye duka la hadwea, kazi haikua mbaya ila nilichoka kuhesabu misumari ya watu na uuguzi nilikua nautamani toka zamani, basi nikaacha.

Watu wanadhani kinachomshinda mtu mzima ni kusoma. Wapi! Anatomia inakaririka, famakolojia inauma kichwa cha kila mtu hata hao watoto wa 2006 ninaokaa nao dawati moja. Shida iko kwenye kuingia chuoni, na kutoka kwenda kuajiriwa serikalini, ambako mwisho wa kuomba ni miaka 45.

Kuingia wanataka cheti cha form four chenye D nne au zaidi, dini haihesabiwi, na lazima ndani yake iwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Uzuri cheti hakiozi, hata kama ulimaliza enzi za Mkapa. Ubaya wengi wetu tulisoma biashara au arts, Fizikia tuliiaga tukiwa form two, kwa hiyo inabidi urudi kurisiti mtihani wa Novemba kama mtahiniwa wa kujitegemea, jioni uko tuisheni na watoto wa jirani mnachora sakiti, mume anapasha kiporo nyumbani. Ukipata ndo unaanza kutafuta chuo, na hapo ujue hakuna masomo ya jioni kama wanavyosoma wahasibu. Nasikia watu wanalalamikia hilo, mi sikubaliani nao. Kuweka kanula (kile kimpira cha kupitishia drip kwenye mshipa) au kuzalisha hujifunzi kwa notisi za wikiendi, lazima uwe wodini, zamu ya asubuhi, ya jioni na ya usiku, mpaka mkono uzoee na msimamizi akusainie kwenye kitabu chako. Kwa hiyo kazi unaacha kweli, sio kwa mdomo.

Wodini kuna vituko lakini. Ndugu wa wagonjwa wakiniona na umri huu wanajua mimi ndo metroni, mkuu wa manesi, wanawapita manesi wenyewe wanakuja kwangu, "mama, drip imeisha," namuita sista ambaye ningeweza kumzaa ndo aje kuniangalia nikibadilisha. Ila bibi akigoma kula au binti wa mara ya kwanza akianza kupiga kelele leba, wananituma mimi, na mara nyingi wananisikiliza.

Sasa kutoka, hapa ndo penye hoja yangu. Matangazo ya ajira serikalini yanasema muombaji awe na umri usiozidi miaka 45, isipokuwa aliyepo kazini serikalini tayari. Piga hesabu mwenyewe: diploma miaka mitatu, alafu mtihani wa leseni wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, alafu unasubiri tangazo litoke, na likitoka mnagombania na vijana wamejaa mtaani. Aliyeanza na 42 anamaliza mlango unafungwa. Mwalimu wa shule ya serikali akibadili fani sharti hilo halimgusi, ila aliyetoka hadwea, saluni au shule binafsi linamgusa.

Najua 45 haikutoka hewani. Kustaafu kwa lazima ni 60, na pensheni inataka michango ya miezi 180 ambayo ni miaka 15, toa uone. Sawa, mimi ni mtu wa mahesabu naielewa kabisa. Lakini hiyo ni hoja ya pensheni, sio hoja ya nani anaweza kuhudumia mgonjwa! Wengi wetu tuna michango yetu NSSF toka huko tulikotoka, hatuanzi na sifuri. Na hata asiye nayo, apewe mkataba wa miaka miwili mitatu unaohuishwa, alipwe kiinua mgongo chake, aende zake zahanati ya kijijini ambako nesi ni mmoja. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitaja nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya na Tanzania imo, alafu mtu wa miaka 46 mwenye leseni na nguvu zake anakaa nyumbani?

Kila Mei 12, siku ya wauguzi, tunawasha mishumaa kumkumbuka Florence Nightingale, mwanzilishi wa uuguzi wa kisasa. Huyo mama alizaliwa 1820 na mafunzo yake ya maana kule Ujerumani aliyapata 1851, ana miaka 31, ndugu zake wakiwa wameshamkatalia kitambo.

Kwa anayefikiria kuanza sasa, usiache kazi kabla matokeo ya Fizikia hayajatoka. Na ujue sharti hilo la 45 ni la ajira za serikali, hospitali binafsi na za mashirika ya dini nazo zinaajiri.

Ofisi ya Utumishi na Wizara ya Afya kama wanasoma ukurasa huu naomba watujibu hapa hapa gazetini, hiyo mikataba kwa waliozidi 45 inawezekana au haiwezekani. Darasani kwetu siko peke yangu mwenye mvi.

Mama Wawili,
Morogoro